Mhusika Wangu Anywe Nini?

Ndugu msomaji, kabla sijaanza nikiri jambo moja: mimi sijawahi kutoka nje ya Tanzania. Mbali nilikowahi kufika ni Dar es Salaam, na huko nilifikia Mbagala kwa shangazi, nikahangaika na vibarua wiki tatu, kisha nikarudi zangu Kiongoroni kwa nauli ya kuazima. Nasema mapema ili usije ukanisuta mbele ya safari, maana ninayotaka kukusimulia ni habari ya bia za Uingereza na Ayalandi, na jinsi mtu aliye ugenini anavyochagua ipi aionje. Utauliza: mtoto wa delta ya Rufiji, aliyekaa chuoni na juzuu kabla ya kukaa darasani, bia za Wazungu zinamhusu nini? Zinanihusu kwa sababu naandika riwaya.

Nilimaliza kidato cha nne, na matokeo yangu hayakunivusha. Wenzangu wengine waliingia kwenye kamba na kaa, wengine kwenye mpunga, wengine wakapanda mashua mpaka Nyamisati na kutoka hapo wakapotelea mjini. Mimi mchana navua, usiku naandika. Nina kaunta buku nne zilizojaa. Mhusika wangu mkuu anaitwa Shomari, kijana wa huku huku deltani, anayezamia meli katika bandari ya Dar es Salaam na kuibukia Liverpool. Katika sura ya saba Shomari, akiwa hana ndugu wala jamaa, anaingia baa kwa mara ya kwanza. Niliandika hivi: "Shomari aliketi pembeni, akaagiza bia, akanywa, akawaza kwao." Sentensi hiyo niliipenda mno. Niliisoma kwa sauti mara tatu, peke yangu, usiku wa manane.

Kwa nini Liverpool? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi huko. Aliondoka akiwa baharia, akateremka, akabaki. Sasa anafanya kazi ya usafi, zamu ya usiku. Ya pili ni hadithi tuliyokua nayo. Wazee wa delta hawachoki kusimulia habari za Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoizamisha meli ya Kiingereza, Pegasus, pale Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha humu kwenye mikoko yetu. Waingereza walihangaika nayo miezi na miezi. Mwisho wakaleta manowari mbili zisizohitaji maji marefu, ziweze kuingia mtoni, na tarehe 11 Julai 1915 wakaitwanga hata ikawa haifai, Wajerumani wenyewe wakamalizia kuilipua. Manowari hizo ziliitwa Severn na Mersey. Yote mawili ni majina ya mito ya kwao, na Mersey ndio mto unaopita Liverpool. Basi nikajisemea: kama Mersey iliwahi kuja Rufiji, kwa nini Rufiji isiende Mersey?

Nikaupiga picha ukurasa wangu, nikaenda kusimama pale mtandao unaposhika, nikamtumia kaka. Jibu lilikuja kwa sauti, na kabla ya maneno kilitangulia kicheko.

"Mdogo wangu, hapa umetudanganya. Huku mtu haingii baa akasema 'nipe bia.' Ni sawa na kwenda Feri pale Dar ukamwambia mchuuzi 'nipe samaki.' Atakutazama tu. Changu? Kibua? Jodari?"

Nikamjibu, kwa kiburi cha mwandishi, kwamba bia ni bia.

"Kwani huko mchele wote ni supa?" akaniuliza. Nikanyamaza.

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza. Kwa miezi kadhaa kaka alinitumia ujumbe mmoja mmoja akitoka kazini alfajiri, na mimi nikawa nanakili nyuma ya kaunta buku ya nne.

Somo la kwanza lilikuwa la ulimi. Mtu akitoka kwetu, alisema kaka, ulimi wake umefundwa na Safari na Kilimanjaro: bia ya rangi ya dhahabu, ya baridi, yenye gesi ya kupanda puani. Hiyo kwa aina yake ni laga, huchachuka polepole kwenye baridi. Mgeni huanza na laga kwa kuwa ndiyo anayoijua. Na tazama mambo yalivyo, msomaji: bia ya chupa Waingereza walikuja kuitengenezea huku. Kiwanda cha Nairobi kilianza mwaka 1922 kwa mikono ya walowezi wawili, ndugu wa ukoo wa Hurst, lakini kwa miaka mingi ya utawala wao sheria ilimkataza Mwafrika kuinunua. Yeye abaki na pombe yake ya kienyeji. Sasa Shomari, mjukuu wa waliokatazwa, amesimama kwenye kaunta nchini mwao, na anaulizwa kwa heshima zote, "Tukupe ipi?" Mtu huyo hawezi kujibu "yoyote." Nilianza kuona kosa langu.

Somo la pili lilikuwa la eili, bia ya jadi ya Waingereza, inayochachuka upesi kwenye joto kidogo. Iliyo ya kawaida huitwa bita. Ni ya kahawia, chungu kiasi, kilevi chake huwa asilimia 4 hivi, na wala haina baridi ya kuuma meno. Pipa lake hukaa chini ya baa penye ubaridi wa nyuzi 11 mpaka 13, na muuzaji huivuta juu kwa pampu ya mkono. Ndani ya pipa hilo chachu bado ni hai, inafanya kazi. Pipa likishafunguliwa lina siku tatu hivi, baada ya hapo ladha inaharibika na kuelekea kwenye siki. Miaka ya nyuma viwanda vikubwa vilitaka kuiacha bia hii, viuze ile iliyochujwa na kutiwa gesi, isiyooza upesi. Mwaka 1971 Waingereza wanne waliokuwa mapumzikoni Ayalandi wakaanzisha chama cha kuitetea, kinaitwa CAMRA, na chama hicho kipo mpaka leo.

Niliposikia habari ya pipa lenye uhai nilisimamisha kalamu. Hilo si tembo la mnazi? Asubuhi linateremshwa tamu, watoto wanaonja, jioni kali, kesho kutwa ni siki ya kutilia kachumbari. Nikamwuliza kaka kama aliliona hilo.

"Ndiyo maana nilipoionja bita mara ya kwanza sikuona ugeni," akasema. "Nilimwona babu."

Babu yetu mzaa mama alikuwa mgema. Hilo nitalirudia.

Somo la tatu lilikuwa la pota, na hili lilinigusa kuliko yote. Katika karne ya 18 mjini London ilitokea bia nyeusi iliyopendwa na wachukuzi, watu wa kubeba mizigo mitaani na kwenye magati. Kwa Kiingereza mchukuzi ni pota, na bia ikachukua jina lao. Hebu fikiri! Bia nzima kupewa jina la mbeba mizigo! Delta hii imebeba boriti tangu enzi za mababu, mabega ya watu yameota sugu kwa kupakia majahazi, na sijasikia kitu kitamu hata kimoja kilichopewa jina la wapakizi. Pota ile iliyo nzito zaidi ndiyo iliyoitwa stauti, na stauti inayojulikana duniani ni Guinness ya Dublin. Arthur Guinness alikodi kiwanda chake mwaka 1759 kwa mkataba wa miaka 9,000, kodi pauni 45 kwa mwaka. Miaka elfu tisa! Sisi hapa shamba la mpunga la msimu mmoja linatufikisha kwa mwenyekiti wa kijiji.

Guinness ya bomba, kaka alinieleza, haina haraka. Inamiminwa kwa awamu mbili, na katikati mnunuzi anasubiri. Ndani yake mna gesi ya naitrojeni, yenye viputo vidogo vidogo, ndiyo maana povu lake hukaa juu zito na laini kama tui la kwanza. Lakini usidhani Ayalandi yote ni Guinness. Mji wa Cork una stauti zake, Beamish na Murphy's, na mwenyeji wa huko hatakushukuru ukimwagizia ya Dublin. Na Liverpool imejaa vizazi vya Waayalandi waliovuka bahari kukimbia njaa kuu ya miaka ya 1840, viazi vilipooza mashambani. Kwa hiyo hata bia nyeusi ile, katika mji ule, ni bia ya wahamiaji.

Basi achague vipi, huyu Shomari? Kaka alikuwa na kanuni zake. Usianze na painti nzima, maana painti ni mililita 568, agiza nusu. Kwenye eili za pampu, omba uonje kidogo kwanza, baa nyingi hawakukatalii. Anza na nyepesi, panda kwenye nzito. Na usiagize kwa sababu ya picha iliyo kwenye kibandiko.

Msomaji, nilijaza kurasa kumi na moja. Nikaona nimekuwa bingwa. Ikabaki jambo moja tu, kuonja. Siku nilipokwenda Kibiti kuuza kaa niliingia mahali, nikaagiza chupa ya Guinness, nikaketi nikiwa nimeupa mlango mgongo. Nilijua kwamba hii ya chupa inayouzwa kwetu ni kali kuliko ile ya bomba, lakini sikujua itanichukuliaje. Ilikuwa kama kahawa ya kijiweni iliyosahauliwa jikoni, halafu ukanyimwa kashata. Nilipiga mafunda mawili, ya tatu ikanishinda. Nilijiambia nafanya kwa ajili ya sanaa. Usinicheke, kila mnywaji ana sababu yake. Kilevi kwetu ni haramu, nami sikuja hapa kukitetea. Njia nzima kutoka Bungu mpaka Nyamisati nilitafuna karafuu.

Nikaiandika upya sura ya saba. Shomari akaingia baa, akaonja bita, akaonja pota, akasubiri Guinness itulie, akajua Beamish na Murphy's. Kurasa sita. Zilikuwa sahihi kabisa, na zilikuwa zimekufa. Nilizisoma kwa sauti na sikumwona Shomari popote, niliona duka. Sikujua kilichokosekana, na aliyekuja kuniambia hakuwa kaka.

Mchana mmoja nilikuwa kwa mama mkubwa, nimeichomeka simu yangu kwenye sola yake. Yeye alikuwa barazani anasuka mkeka. Mwezi ule mtoto wake alikuwa amemtumia pesa ya bati, na hakuna jirani aliyekuwa hajaambiwa. Sifa yake kubwa kwa mwanawe si pesa, ni hii: "Ulaya haijambadilisha." Ujumbe ukaingia, nikabonyeza bila kufikiri, na sauti ya simu nilikuwa nimeiacha juu.

"Mdogo wangu, jana nimekunywa painti mbili za Guinness, povu lilivyokuwa, nikakukumbuka..."

Niliiziba kwa kiganja kama mtu anavyomziba mtoto mdomo msikitini. Bure. Maneno yalikwishatoka.

Mama mkubwa hakuinua uso. Ukindu ukapita juu, ukapita chini, ukapita juu. Mimi nilitamani maji kujaa yanichukue. Nilijua nimemchoma kaka yangu mbele ya mama yake, tena kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, mtu wa kwenye daftari.

"Anakunywa?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

Akamaliza safu yake mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo mimi, na kurasa zangu kumi na moja, sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

"Anakunywa na nani?"

Nikasema sijui.

Ndipo aliponisimulia habari ya baba yake. Mzee alipanda minazi miaka mingi, akakata makarara, akateremsha vibuyu, akawauzia wakata mikoko na mabaharia wa majahazi. Yeye mwenyewe hakunywa. Lakini alikuwa na sharti moja. Mtu akitaka tembo, atanywea pale pale chini ya mnazi, na wenzake. Anayetaka kuondoka na kibuyu peke yake, hamuuzii hata akilipa mara mbili. Watu walimwona ana kichaa, anaitupa biashara. Yeye alisema amezika wawili waliokuwa wakiondoka na kibuyu.

"Mwulize," mama mkubwa akaniambia. "Mwulize, halafu unijibu."

Nilimtumia kaka swali la mama yake, nikaungama kosa langu, nikaomba radhi. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nikaona nimeupoteza udugu kwa ajili ya sura moja. Siku ya nne, Ijumaa, ikaja picha: msikiti wa Brougham Terrace, Liverpool, uliofunguliwa mwaka 1889 na mwanasheria Mwingereza aliyesilimu, William Henry Quilliam, akajiita Abdullah. Kaka aliandika chini yake: "Leo nimeswali hapa. Aliyeuanzisha alilelewa katika watu wa kupiga vita ulevi. Nimekaa nikamfikiria." Baada ya hapo ndipo ikaja sauti, ya chini, kama anazungumzia chumbani mwa mgonjwa.

Majira yake ya kwanza ya baridi, alisema, saa kumi jioni kulikuwa giza. Alikuwa akitoka zamu alfajiri, anapita dukani, ananunua makopo. Hakuchagua ladha. Alichagua kwa bei na kwa asilimia. Anafunga pazia, anakunywa amekaa kitandani, na viatu hajavua. "Wewe uliniuliza nilichaguaje bia. Mwaka ule sikuchagua. Sikumbuki hata jina la makopo yale."

Jioni moja ya mvua aliingia baa kwa kutafuta joto tu. Mzee mmoja, kuli mstaafu wa gati, babu zake wa Ayalandi, akamsogezea kiti. Akamnunulia nusu painti ya maildi, eili nyeusi isiyo kali, asilimia 3 na kitu, kinywaji cha watu wa migodi na viwanda. Kwa umri wake hakujua cha kumnunulia mgeni zaidi ya hicho. Wakaja wengine wawili. Kila mmoja akanunua kwa zamu yake, wote. Kaka alikunywa za watu watatu na hakununua hata moja, akaaga, akaenda zake akiona kapata marafiki wakarimu. Kumbe huko kuna desturi ya raundi: ukinywa ya mwenzio, nawe zamu yako ikifika unanunua ya wote. Kesho yake mzee alimwambia bila kufichaficha, kama tunavyomwambia mgeni wetu aliyekula na mkono wa kushoto. Kaka akatoa pesa aliyoitenga kwa nauli ya wiki, akanunua raundi, akatembea kwa miguu kwenda kazini siku tano. "Lakini toka siku ile," alisema, "nilikuwa na watu wa kuuliza, 'Yule Mswahili yuko wapi leo?'"

Bita, pota, kusubiri povu, kuanza na nusu, yale yote aliyonifundisha, alifundishwa na mzee huyo. Na mzee mwenyewe siku hizi hanywi, daktari kamkataza. Anakuja vilevile, anakaa kiti kile kile, mbele yake maji na ndimu.

"Mwambie mama nakunywa na watu," kaka akamaliza. "Hayo ya makopo usiyaandike."

Nilimpelekea mama mkubwa simu. Akasikiliza mara mbili. Kisha akaniagiza nimpigie mwanawe, na mimi nikatoka nikakaa mbali, kwenye ngalawa. Walichozungumza sikijui. Aliporudisha simu alikuwa anaifuta kwa ncha ya kanga, ingawa haikuwa na vumbi.

"Kumruhusu sijamruhusu," akasema. "Lakini nimemwambia ale kwanza. Na chumbani, marufuku."

Wiki mbili baadaye kaka aliniandikia mstari mmoja: "Yaandike. Lakini yawe ya Shomari." Makala hii pia ameisoma kabla yako, msomaji, na neno moja alilolifuta sitakwambia.

Nimeichana ile sura ya kurasa sita. Katika sura mpya majina ya bia yamebaki matatu tu. Mwanzoni Shomari yuko chumbani na pazia lake, na kopo lisilo na jina. Mwishoni anakunywa nusu ya maildi, si kwa sababu ni tamu kuliko nyingine, bali kwa sababu ndiyo aliyonunuliwa. Katikati kuna umbali wa kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, na huo umbali ndio unaonitoa jasho sasa. Sijaumaliza. Maneno ya "akawaza kwao" nimeyafuta.

Kila nikipita barazani mama mkubwa ananiita. Mkeka ule kashaumaliza, yuko kwenye mwingine. Haulizi habari za bia.

"Yule kijana wako wa daftarini," ananiambia, "keshapata mtu wa kukaa naye?"

Namjibu, "Bado kidogo, mama. Yuko mlangoni."